Jina la Jemadari Juu ya Manowari

Wahenga walisema kuwa jina jema hung'aa gizani. Hawakusema kuwa kila jina ling'aalo ni jema. Wenye mamlaka huweza kulisugua jina la mtu kama shaba inavyosuguliwa kwa ndimu na majivu, likametameta machoni pa wapitao, na walakini shaba ikabaki shaba. Katika insha hii nataka kuzungumza habari za jina moja lililosuguliwa hivyo. Na kwa kuwa jambo lenyewe lingali likigombaniwa, sitajifanya hakimu asiye na upande. Ninao upande, na msomaji ataujua upesi.

Jina lenyewe ni la Robert E. Lee. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoipasua Marekani toka mwaka 1861 mpaka 1865, Lee alikuwa jemadari aliyesifika kuliko wote wa majimbo ya Kusini, yaani majimbo yaliyojitenga na dola yakaunda shirikisho lao ili utumwa wa watu weusi usiguswe. Alishindwa, akasalimu amri tarehe 9 Aprili 1865 mahali paitwapo Appomattox, akafa mwaka 1870. Miaka 89 baada ya kufa kwake, mwezi wa Desemba 1959, kiwanda cha merikebu cha Newport News katika jimbo la Virginia kilishusha majini nyambizi, yaani manowari iendayo chini ya bahari, nayo imepewa jina lake. Mwaka 1960 nyambizi hiyo iliingia katika utumishi wa Jeshi la Majini la Marekani, dola ile ile aliyopigana nayo, ikatumika hata mwaka 1983.

Haikuwa mashua ya kuvulia samaki. Iliendeshwa kwa nguvu za nyuklia, na tumboni mwake ilichukua makombora 16, kila moja likiweza kuangamiza mji. Ilikuwa moja katika kundi la nyambizi 41 za namna hiyo, na kundi zima lilipewa sifa ya kuitwa Arobaini na Moja kwa Ajili ya Uhuru. Mwaka 1964 kundi hilo lilipata nyambizi nyingine yenye jina la Stonewall Jackson, msaidizi mkuu wa Lee vitani. Basi majemadari wawili waliotoa jasho na damu ili karibu watu milioni 4 wasiwe huru, walihesabiwa miongoni mwa walinzi wa uhuru. Kama jambo hili lisingalikuwa msiba, lingalikuwa mzaha.

Msomaji na atazame ramani. Newport News yasimama ukingoni mwa bandari ya asili iitwayo Hampton Roads. Mlangoni mwa bandari ile, mahali paitwapo Point Comfort, waliteremshwa mwaka 1619 mateka ishirini na kitu waliotoka Angola, Waafrika wa kwanza kuletwa katika koloni la Waingereza la Virginia. Mahali papo hapo baadaye palijengwa ngome, na mwezi wa Mei 1861 watumwa watatu waliikimbilia. Mkuu wa jeshi la Muungano aliyekuwa humo akakataa kuwarudisha kwa aliyejiita bwana wao, na maelfu wakafuata njia yao. Katika maji hayo hayo, tarehe 8 Machi 1862, Franklin Buchanan, mkuu wa majini wa upande wa Kusini, aliziangamiza manowari mbili za Muungano, na mabaharia zaidi ya 200 wakapoteza maisha. Haya yote maji yale yaliyaona. Na ndimo iliposhushwa nyambizi ya Lee. Kama kwamba hayo hayakutosha, mwaka 1962 Jeshi la Majini lilipokea manowari mpya yenye jina la Buchanan mwenyewe, na nyingine yenye jina la Raphael Semmes, ambaye katika vita vile aliteka meli za biashara za Marekani zaidi ya sitini, akazitia moto nyingi katika hizo. Mwenye nyumba gani humwita mwanawe kwa jina la mtu aliyeichoma nyumba yake?

Watetezi wa majina haya si wajinga, wala si wote wenye nia mbaya. Wana hoja zao, na ni haki zisikilizwe moja moja.

Hoja ya kwanza yasema kuwa Lee alikuwa mtu mwungwana, mcha Mungu, aliyeuchukia utumwa moyoni, akapigana kwa ajili ya mapenzi ya jimbo lake tu. Ni kweli kuwa katika barua aliyomwandikia mkewe mwaka 1856 aliuita utumwa uovu. Lakini wanaoitaja barua hiyo hupenda kukomea hapo. Katika barua ile ile Lee alisema kuwa watu weusi walikuwa katika hali bora Marekani kuliko Afrika, kwamba mateso waliyokuwa wakiyapata yalihitajika kwa mafundisho yao, na kwamba muda wa mateso hayo ni siri ya Mungu. Mtu asemaye kuwa kidonda ni kibaya, kisha akakataza kisitibiwe, hawezi kuitwa tabibu.

Na vitendo vyake ni shahidi mzito kuliko barua. Mkwewe alipofariki mwaka 1857, Lee alikabidhiwa usimamizi wa watumwa wake karibu 200, na wasia uliagiza kuwa waachwe huru kabla ya miaka mitano kupita. Aliwatumikisha karibu muda huo wote, na hati ya kuwaacha huru ilipatikana mwisho wa Desemba 1862. Mwaka 1859 kijana mmoja katika watu hao, Wesley Norris, alitoroka pamoja na dada yake na jamaa yao mmoja. Walikamatwa njiani. Mwaka 1866 Norris, akiwa mtu huru, alitoa ushahidi uliochapishwa: kwamba Lee aliamuru wapigwe viboko, akasimama kutazama, kisha migongo yao ikaoshwa kwa maji ya chumvi. Vita navyo vilipokuwa vimepamba moto, mwezi wa Oktoba 1864, pande mbili zilizungumza habari ya kubadilishana mateka. Grant, jemadari wa Muungano, alitaka askari weusi wahesabiwe sawa na askari wengine. Lee alijibu kuwa waliokuwa watumwa wa raia wa Kusini hawamo katika mabadilishano hayo. Kwake yeye hawakuwa askari waliotekwa, bali mali iliyopatikana baada ya kupotea. Huo ndio uungwana tunaoambiwa tuuvulie kofia.

Hoja ya pili yasema kuwa mtu ahukumiwe kwa desturi za zama zake. Nakubali, na tuzitazame zama hizo. George Thomas alizaliwa Virginia kama Lee, akawa afisa wa jeshi kama Lee. Vita vilipozuka alibaki katika kiapo chake, akawa katika majemadari bora wa Muungano. David Farragut alikuwa mtu wa Kusini aliyefanya maskani yake Virginia. Aliondoka, akaenda Kaskazini, akawa amiri wa kwanza katika historia ya Jeshi la Majini la Marekani. Kulikuwa na afisa wa majini, mzaliwa wa Virginia, aliyeitwa Samuel Phillips Lee. Naam, Lee, jamaa wa ukoo ule ule. Naye aliongoza kundi la manowari za Muungano zilizozizuia bandari za Kusini. Basi zama zilikuwa moja, jimbo lilikuwa moja, hata ukoo ulikuwa mmoja. Iliyotofautiana ni hiari. Hatuna budi pia kuuliza: zama za nani? Wesley Norris naye aliishi zama hizo. Hakuhitaji kungoja karne nyingine ili ajue kuwa kiboko chauma. Mkuki ni mtamu kwa nguruwe tu. Kwa binadamu ni mchungu, na ulikuwa mchungu mwaka 1859 kama ulivyo leo.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, nayo yanitaka nisimame kidogo. Yasema kuwa majina haya yalitolewa kwa ajili ya mapatano. Taifa lililokuwa limegawanyika lilitaka kuwa moja tena. Ndugu wa Kaskazini akamnyoshea mkono ndugu wa Kusini, akamwambia, shujaa wako na awe shujaa wangu. Ushahidi waonyeshwa katika nyambizi zenyewe: aliyepewa nambari 601 ni Lee, na aliyepewa nambari 602 ni Abraham Lincoln, rais aliyetangaza ukombozi wa watumwa. Grant naye alikuwamo katika kundi lile, na mwaka 1966 aliingizwa George Washington Carver, mtaalamu mweusi wa kilimo aliyezaliwa utumwani. Je, huu si upatanishi mwema?

Napenda mapatano. Taifa lisiloweza kusamehe haliwezi kuishi. Lakini wazee wetu walisema: ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kikapu ukavune. Katika ugomvi huu mwenye jembe alikuwa mtumwa. Yeye ndiye aliyelima pamba, mpunga na tumbaku vilivyoutajirisha ugomvi. Na vita vilipokuja aliacha jembe akachukua bunduki. Watu weusi karibu 180,000 walipigana katika majeshi ya nchi kavu ya Muungano, na maelfu mengine katika manowari zake. Ndugu wawili walipopatana, kikapu cha mwenye jembe kilikuwa wapi? Kilikuwa kitupu. Baada ya miaka michache ya matumaini, haki yake ya kupiga kura ilinyang'anywa kwa hila na kwa bunduki. Watoto wake wakatengwa katika shule. Na Jeshi la Majini, ambalo babu zao walilitumikia vitani, lilifika wakati katika karne ya 20 likiwapokea watu weusi kama wapishi na watumishi wa meza tu. Mapatano yale yalikuwa mapatano ya wawili, na bei yake ililipwa na wa tatu. Mtu hawezi kusamehe kwa niaba ya mwingine aliyepigwa, kisha akampamba mpigaji kwa maua ya aliyepigwa.

Tena na tuutazame mwaka wenyewe. Mwaka 1954 Mahakama Kuu ya Marekani ilihukumu kuwa kuwatenga watoto shuleni kwa rangi ni kinyume cha katiba. Wakuu wa Virginia waliapa kuipinga hukumu hiyo. Mwaka 1959, katika wilaya ya Prince Edward ya jimbo hilo, serikali ya wilaya iliona heri kuzifunga shule zote za umma kuliko kuwaketisha watoto weusi na weupe katika darasa moja, na shule zilibaki zimefungwa hata mwaka 1964. Mwaka ule ule, jimbo lile lile, nyambizi ya Lee ikashushwa majini. Mtoto mweusi wa Prince Edward aliyenyimwa ubao na chaki angeweza kuona kuwa serikali ya taifa lake ina fedha na heshima ya kutosha kwa jemadari wa watumwa. Aambiwe kuwa hayo ni mapatano? Mwenye kovu usidhani amepoa. Na huyu hakuwa na kovu bado, alikuwa na jeraha bichi.

Kuna na jambo moja la ajabu katika sheria. Mwaka 1865, baada ya kushindwa, Lee alitia sahihi kiapo cha utii ili apate msamaha. Lakini hati ile haikushughulikiwa. Bunge la Marekani lilimrudishia haki kamili za uraia mwaka 1975. Basi kwa miaka kumi na mitano nyambizi ya taifa ilizunguka chini ya bahari ikiwa na jina la mtu ambaye taifa lilikuwa halijamaliza kumrudishia uraia wake. Heshima ilitangulia msamaha, kama mkia unaomtangulia ng'ombe.

Hoja ya nne yasema kuwa kuliondoa jina ni kuifuta historia. Hapa sina haja ya kwenda mbali, kwa maana katika Ziwa Tanganyika tunayo meli ya kutujibu. Wajerumani waliiunda, wakaiita Graf von Goetzen, kwa jina la gavana aliyetawala wakati wa vita vya Maji Maji, vita ambavyo mabaruti na njaa viliua watu wetu wasiohesabika. Waliifunga mizinga, wakaifanya manowari ya ziwani, wakaizamisha wenyewe mwaka 1916. Waingereza waliiopoa, na mwaka 1927 ilianza kazi kwa jina la Liemba. Je, kuna mwanafunzi aliyemsahau von Goetzen kwa sababu jina lake halimo tena ubavuni mwa meli? La. Habari zake zimo vitabuni, na humo ndimo mahali pake, pamoja na habari za kijiji kilichochomwa na ghala lililoteketezwa. Historia huhifadhiwa kwa kusomwa. Jina la manowari si somo la historia. Ni heshima, na ni agizo. Lawaambia mabaharia vijana: mfano wa ushujaa ni huu, uigeni. Kitabu humweleza msomaji Lee alikuwa nani. Manowari yamwamuru baharia kumheshimu.

Lee mwenyewe huenda alilifahamu jambo hili kuliko watetezi wake. Mwaka 1869 alialikwa kushiriki katika kazi ya kuweka alama za ukumbusho katika uwanja wa vita wa Gettysburg. Alikataa, akaandika kuwa ni busara zaidi kutoyaacha wazi madonda ya vita. Ni kweli pia kuwa aliposhindwa aliwashauri askari wake warudi makwao kwa amani, wala hakuwaambia waingie msituni. Hilo nampa, kwa sababu ni haki yake. Lakini mtu hapewi manowari kwa kuacha kufanya ubaya wa pili.

Sasa nimtaje mtu aliyestahili. Robert Smalls alizaliwa mtumwa mwaka 1839 katika mji wa Beaufort, South Carolina. Vita vilipoanza alikuwa akiendesha usukani wa Planter, meli ya jeshi la Kusini, katika bandari ya Charleston. Alfajiri ya tarehe 13 Mei 1862, maafisa weupe wakiwa wamelala nchi kavu, Smalls na wenzake waliwasha mitambo. Alipitia gatini walikojificha wake na watoto, akawapakia. Kisha alivaa kofia ya nahodha, akaigeza namna yake ya kusimama, akapita mbele ya ngome za Kusini, naye akitoa ishara za siri alizokuwa akizijua kwa moyo. Mizinga ya Fort Sumter ilimwacha apite. Alipofika mbali alitweka kitambaa cheupe, akaikabidhi meli pamoja na mizinga yake kwa Jeshi la Majini la Muungano. Watu 16 walipata uhuru asubuhi ile. Baadaye alikuwa nahodha wa meli ile ile, na vita vilipokwisha alichaguliwa katika Bunge la Marekani, akainunua nyumba ya aliyekuwa bwana wake.

Vita ni vile vile, bahari ni ile ile, na kitendo ni cha kibaharia khasa. Jeshi la Majini lilimheshimuje? Mwaka 1942, lilipoanza kuwafundisha vijana weusi ubaharia wa kweli, lilitoa jina la Smalls kwa kambi yao huko Great Lakes. Nayo ilikuwa kambi ya watu weusi peke yao, waliotengwa na wenzao. Mtu aliyeiteka manowari alipewa kambi ya ubaguzi; aliyeupigania utumwa alipewa silaha kuu ya taifa. Hapana mizani iliyo wazi kuliko hii.

Mwaka 2021 Bunge la Marekani lilipitisha sheria, juu ya pingamizi la rais, iliyounda tume ya kuyachunguza majina ya aina hii katika mali za majeshi. Manowari Chancellorsville, iliyokuwa na jina la ushindi wa Lee wa mwaka 1863, ilibadilishwa jina mwezi wa Machi 2023, ikaitwa Robert Smalls. Ilikuwa miaka 161 baada ya alfajiri ile ya Charleston. Nilipolisoma jambo hili nilifurahi, lakini furaha yangu haikudumu. Kambi ya nchi kavu huko Virginia iliyoitwa Fort Lee toka mwaka 1950 nayo ilibadilishwa jina mwaka 2023, ikapewa majina ya maafisa wawili weusi, Gregg na Adams. Mwaka 2025 serikali iliirudishia jina la Fort Lee, ikieleza kuwa sasa ni kwa heshima ya Fitz Lee, askari mweusi aliyepata nishani kuu ya ushujaa katika vita vya mwaka 1898. Fitz Lee alistahili heshima. Hilo halina ubishi. Lakini hakutafutwa kwa sababu ya ushujaa wake. Alitafutwa kwa sababu ya jina lake, ili mtu mweusi awe kanzu ya kumvalisha jemadari mweupe, na jemadari apate kurudi mlangoni bila kubisha hodi. Huo ni utumishi mwingine, na marehemu hakuuridhia.

Nasema basi, kwa wenye kutoa majina popote walipo: kabla ya kupaka rangi jina juu ya chombo cha taifa, kamuulizeni aliyeumia. Kama amekufa, waulizeni watoto wake. Nao watakuwamo chomboni, wakilisugua jina hilo kila asubuhi na wakiwa tayari kufa chini yake. Jina wasiloweza kulitamka bila kuinamisha kichwa halifai kuwa jina la manowari yao.